Siku saba kwa wakwe zangu, Dordogne

Jumatano, 6 Novemba 2024

Kabla sijatoka nyumbani Reading, Uingereza, mke wangu alinikabidhi pakiti sita za chai, maana mama yake anasema chai ya Ufaransa haikolei, na jozi mbili za soksi za sufu za baba yake. Nikiwa mlangoni akaongeza swali. "Waangalie vizuri, halafu uniambie kama bado wanaweza."

Nilimwelewa. Baba yake ana miaka 79, mama yake 76. Wanaishi wawili tu kijijini, kusini-magharibi mwa Ufaransa, tangu 2006. Mwezi uliopita Mzee alibadilishwa nyonga. Mke wangu hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo nikatumwa mimi: niwasaidie kuingiza kuni za majira ya baridi, na nipime kama imefika siku ya kuwarudisha Uingereza.

Kwenye stesheni ya St Pancras polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakukagua London kulekule, kabla ya treni. Nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania yenye viza ya Schengen. Mbele yangu alikuwepo Mwingereza wa makamo, naye akagongewa muhuri. Tangu 2021, baada ya nchi yao kutoka Umoja wa Ulaya, hata wao wanahesabiwa siku, 90 katika kila 180, isipokuwa kama wana kibali cha ukaazi. Mambo haya mimi nimeyazoea miaka mingi. Yule bwana aliutazama ule muhuri kwa muda mrefu.

Paris nilivuka jiji kwa metro mpaka Montparnasse, na treni ya kasi ikanifikisha Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache. Kutoka pale kuna treni ndogo inayopita katikati ya mashamba ya mizabibu. Stesheni mojawapo njiani inaitwa Castillon-la-Bataille. Hapo, tarehe 17 Julai 1453, jeshi la Waingereza lilishindwa, na karibu miaka 300 ya utawala wao katika nchi hii ikaisha. Ulikuwa umeanza kwa ndoa: Eleanor, bibi mwenye mali yote ya Aquitaine, ndiyo nchi hii, aliolewa mwaka 1152 na Henry, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Leo Waingereza wamejaa huku kiasi kwamba wengine huliita eneo hili Dordogneshire, kana kwamba ni mkoa wa kwao.

Mama mkwe alikuwa akinisubiri Bergerac, amevaa kofia ya sufu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alijifunza neno hilo Marangu, kwetu Kilimanjaro, siku ya harusi yetu, na hajawahi kulikosea.

Alhamisi, 7 Novemba

Saa moja asubuhi, nje giza bado, taa za gari zikamulika ukuta wa jikoni. Muuguzi. Huku kuna wauguzi wanaojitegemea, wanazunguka majumbani kwa magari yao na bima ya afya ndiyo inayowalipa. Huyu huja kila siku, hata Jumapili, kumchoma Mzee sindano ya kuzuia damu kuganda. Aliingia bila kufunguliwa, akasema bonjour kwa kila mmoja wetu, akanawa mikono kwenye sinki kama mtu wa nyumbani, akavuta kiti.

"Ça va?" akamuuliza Mzee, yaani, mambo sawa?

"Ça va," Mzee akajibu. Kisha akaendelea kwa Kiingereza kwamba mguu ulimuuma usiku hadi saa tisa. Muuguzi alitabasamu. Hakuelewa kitu. Mama, akiwa amewapa mgongo anamimina chai, akatafsiri bila kugeuka.

Nililiandika hilo kwenye daftari kabla sijanywa chai yangu: maumivu yote ya Mzee hupitia mdomoni mwa Mama.

Saa tatu tukaenda Eymet, kwa sababu Alhamisi ni siku ya soko. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1270 na Alphonse de Poitiers, ndugu wa Mfalme Louis wa Tisa. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na katikati kuna uwanja uliozungukwa na baraza zenye matao ya mawe. Meza za jibini, bata, uyoga, plamu zilizokaushwa, na jozi, zile kokwa ngumu ambazo ukizipasua ndani zinafanana na ubongo. Kila hatua kumi unasikia Kiingereza. Pana klabu ya kriketi. Pana duka la vyakula vya Uingereza.

Mama haanzi kununua. Anaanza kusalimia. Kwa muuza jibini alimuulizia mama yake, akasikiliza habari za goti la mama yake, akamweleza habari za nyonga ya Mzee, na jibini likaja mwisho kabisa. Huku ukiingia dukani ukataja unachotaka bila kusalimu, umemtukana mwenye duka. Kwetu Marangu ni vivyo hivyo, na kwa kweli ndiyo sababu mimi nilijisikia nyumbani sokoni Eymet kuliko nilivyowahi kujisikia kwenye duka lolote la Reading. Pembeni yetu mama mmoja wa Kiingereza alikuwa akionyesha kwa kidole, kimya, na anahudumiwa kimya. Sikumlaumu. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nami nilinunua kwa kidole.

Kisha tukaingia duka la Kiingereza. Mama akachukua maharage ya kopo, unga wa keki unaoumuka wenyewe, na haradali kali ya njano. Nikamkumbuka dada yangu, anavyopanga dagaa na unga wa dona kwenye begi la kilo 23 kila anapokuja kututembelea. Na mimi jana nilikuwa nimebeba chai kwenye begi langu, kutoka Reading hadi hapa. Kwa Kiingereza wao hujiita "expats", na sisi tunaitwa wahamiaji. Kiswahili hakina maneno mawili kwa jambo hilo, na ukisimama kwenye lile duka dogo utaona hakuna haja ya la pili.

Saa sita kengele ya kanisa ikagonga. Mpaka saa nane maduka yote kufuli.

Ijumaa, 8 Novemba

Kuni. Jirani alizileta kwa trekta: mita za ujazo nane za mwaloni, zimekatwa nusu mita nusu mita. Mita moja ya ujazo ya kuni wenyewe huiita stère. Ni mkulima wa miplamu, mkubwa wa mwili, mpole. Kabla hajamwaga mzigo alichukua vipande viwili akavigonganisha masikioni mwangu. Vikalia kwa sauti kali na nyembamba, kama kugonga vikombe vya udongo. Akachukua kingine kilichokatwa mwaka huu, akakigonga: du. Hakuna mlio, ni mshindo tu. Kuni mbichi haileti joto, inaleta moshi, na moshi wake unaacha masizi ya kunata kwenye bomba mpaka siku moja bomba linawaka. Mwaloni unahitaji miaka miwili chini ya paa. Aliyaeleza yote kwa Kifaransa cha polepole na mikono miwili, nami nikaelewa zaidi ya nilivyotegemea.

Tulipanga mpaka giza. Mzee alikaa kwenye kiti mlangoni mwa ghala, blanketi magotini, akielekeza. Zamani alikuwa akipanga mwenyewe, na ukuta wake wa kuni ulinyooka kama wa matofali. Wa kwangu ulipinda. Akaniambia niutoe safu mbili za juu nianze upya, nikautoa.

Akiwa pale alinisimulia habari ya ruzuku ya joto. Serikali ya Uingereza huwapa wazee pesa kidogo za kuwasaidia gharama za kupasha nyumba moto. Mwaka 2015 waliokuwa Ufaransa walifutwa, kwa hoja kwamba ni nchi ya joto. Na wastani wa joto uliotumika ulijumuisha hadi maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo, ikiwemo Réunion, kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi. Asubuhi hii nilikuta barafu kwenye kioo cha gari. Jambo hili linaniudhi hadi sasa ninapoliandika.

Jirani alikataa pesa ya usafiri, akakubali mitungi miwili ya marmaladi ambayo Mama huipika kila Januari kwa machungwa machungu. Miaka 18 wanajuana na bado wanaitana kwa "vous", ile "nyinyi" ya heshima. Mama anasema asingependa ibadilike. Mwaka wa kwanza walipoalikwa kwake chakula cha jioni, Mama alibeba chungu kizuri cha maua ya chrysanthème. Mke wa jirani aliyapokea, akashukuru, akayaweka mezani, na hakusema neno. Ilipita miaka miwili ndipo Mama akajua kwamba Ufaransa maua hayo hupelekwa makaburini.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Nimeshinda mezani na mafaili. Kila kaya ya Kiingereza huku ina kabati la mafaili: kodi, shimo la maji taka na cheti cha ukaguzi wake, cheti cha kusafisha bomba la moshi ambacho bima ya nyumba inakidai, bima ya afya. Wazee wanaopokea pensheni ya serikali ya Uingereza huja na hati iitwayo S1. Hati hiyo ndiyo inayoifanya Uingereza igharimie matibabu yao, na wao hupata kadi ya kijani, Carte Vitale, kama Mfaransa yeyote. Kwa operesheni ya nyonga, mpaka teksi ya kumrudisha Mzee kutoka hospitali ililipiwa kwa kadi hiyo.

Pesa ni habari nyingine. Pensheni yao inaingia kwa paundi. Walipohamia mwaka 2006, paundi moja ilinunua karibu euro 1.45. Mwishoni mwa 2008 ilikuwa imebaki kidogo tu iwe euro moja. Majirani kadhaa walirudi Uingereza wakati ule. Wao walibana matumizi, wakabaki.

Halafu kura ya Juni 2016, ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Mzee hakupiga kura. Wakati ule aliyekaa nje zaidi ya miaka 15 alikuwa haruhusiwi, yeye alikuwa na miaka kumi tu nje, lakini fomu ilichelewa kumfikia. Hawezi kulizungumzia bila kusimama, na kusimama sasa kunamuuma, kwa hiyo tuliliacha. Mama alipoteza zaidi. Alikuwa diwani wa kijiji tangu 2014, kama Waingereza wengine zaidi ya 700 kote Ufaransa. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, haki ya kugombea ikaondoka nayo, na uchaguzi ulikuwa Machi. Kifaransa chake, aliniambia, hakukijifunza darasani. Alikijifunza kwenye vikao vya usiku kuhusu mifereji, taa za barabarani na paa la shule. Kadi yake ya ukaazi, ya miaka kumi, imeandikwa kifungu cha mkataba kilichowatoa. Anaiweka kwenye pochi nyuma ya picha ya wajukuu.

Jumapili, 10 Novemba

Waanglikana wa huku hawana kanisa lao, wanaazima la Wakatoliki. Baridi ya mawe ilipanda miguuni tukiwa na makoti. Leo Waingereza walikuwa wakiwakumbuka askari wao, kila mmoja na ua jekundu la karatasi kifuani. Nilihesabu vichwa 34. Vyeusi, kwa maana ya nywele, vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa changu.

Chakula cha mchana tulikuwa sita: kondoo wa kuoka, viazi, mchuzi mzito, na mvinyo mtamu wa Monbazillac. Hapo ndipo nilipoyasikia ninayotakiwa kuyasikia. Mama mmoja, mjane wa miaka 81, amekuwa akiuza nyumba yake kwa miaka mitatu. Vyumba vitano, ghala, ekari mbili za nyasi. Vijana wa Kifaransa hawaitaki, iko mbali na kazi. Mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha gari na kuongea na watu. Alipofariki, alisema, "nilibaki na nyumba ambayo sijui kuizungumza." Daktari wa kijiji cha jirani alistaafu na hajapatikana mwingine. Basi hupita kwa ajili ya wanafunzi tu.

Mzee alikuwa akikata nyama yake vipande vidogo vidogo, hakuinua uso.

Jumatatu, 11 Novemba

Ni sikukuu ya kitaifa, ya kukumbuka kwisha kwa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918. Saa tano tulikuwa mbele ya mnara wa kumbukumbu ya vita, nguzo ya mawe pembeni mwa ofisi ya meya. Kijiji kizima, watu sitini hivi. Meya na mshipi wake wa rangi tatu alisoma hotuba iliyotoka serikalini. Kisha watoto wawili wa shule wakasoma majina ya waliokufa 1914 hadi 1918, na baada ya kila jina watu wote kwa pamoja: "Mort pour la France", amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Jina, jibu. Jina, jibu. Ukoo mmoja ulitajwa mara tatu mfululizo. Jirani yetu wa kuni alikuwa ameinamisha kichwa, na hapo ndipo nikatambua kwamba ukoo ule ni wake.

Nilisikia kitu kimenikaba. Babu mzaa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi baada ya Waingereza kuiteka Moshi, Machi 1916. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa wapagazi hao. Vita kwetu havikuisha hata tarehe hii, viliisha 25 Novemba 1918, Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara, na wengi hakuna aliyeandika majina yao. Yeye alirudi. Waliokwenda naye hawana mtoto wa kuwasoma.

Baada ya kinywaji kwenye ukumbi wa kijiji, Mzee akaniomba nimsindikize "kunyoosha mguu". Tulikwenda hatua kwa hatua mpaka makaburini, mita mia mbili, robo saa. Makaburi yote yalikuwa yamejaa chrysanthème za sikukuu ya Watakatifu Wote, za njano, nyeupe, zambarau, zinaanza kunyauka pembeni. Mwisho wa safu ya tatu kuna nafasi tupu, imewekwa mawe manne kwenye pembe. Akaigusa kwa fimbo.

"Hii yetu," akasema. "Miaka 50, tumeshalipa."

Sikuwa na la kusema. Kwetu Uchagani mtu huzikwa kwenye kihamba, kati ya migomba, na waliofia mbali hurudishwa. Sisi tulioko Uingereza msiba ukitokea, kundi la simu linajaa michango usiku huohuo, na hatulali mpaka mwili upate ndege ya Kilimanjaro. Sikuwahi kukutana na mtu mzima mwenye akili timamu anayechagua kuzikwa ugenini.

"Najua umetumwa uangalie," akasema. "Na najua unaandika kwamba siongei. Ni kweli. Nilidhani nina muda. Nikitangulia mimi, yeye hatakwama, kijiji hiki ni chake. Akitangulia yeye, nitakwama. Hilo mwambie binti yangu bila kulipunguza. Lakini kurudi, hapana."

Akatoa mfukoni nakala ya hati ya ofisi ya meya, ameikunja mara nne, akanipa. Watoto wao hakuna aliyekuwa anajua. Kisha akaniuliza:

"Wewe utazikwa wapi?"

"Marangu," nikajibu, kabla hajamaliza.

"Na mke wako?"

Upepo ulikuwa ukiangusha vyungu vyepesi. Nikainama nikasimamisha kimoja, na kingine.

Jumanne, 12 Novemba

Muuguzi saa moja. Mzee alisema ça va. Mama akatafsiri yaliyobaki. Nilimwomba Mama aniandikie kwenye karatasi namba ya simu ya muuguzi, ya jirani, na ya ofisi ya meya. Akaziandika kwa herufi kubwa, na chini yake, bila kuombwa, akaongeza ni saa zipi kila mmoja hufunga kwa chakula cha mchana.

Kilo mbili za jozi kwenye begi lililokuwa na chai. Treni ikasimama Castillon dakika moja, ikaondoka. Simu ilikuwa mkononi tangu Bergerac na sikuipiga.

Nilifika Reading saa tano usiku. Mke wangu alikuwa macho. Nilivua koti, nikampa ile hati. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu.

"Ukisimama hapo," akauliza, "nyumba inaonekana?"

"Bomba la moshi tu. Na miplamu ya jirani."

Akaikunja kwa mikunjo ileile ya baba yake.

"Alisema nini kingine?"

Nikaenda kuweka maji ya chai jikoni, maana hilo lingetuchukua usiku.